Tumchague kwa Kuwa ni wa Kwetu? Fundisho la West Virginia, 1960

Wapendwa wasomaji wetu, kila uchaguzi unapokaribia, baada ya Misa hubaki watu wawili watatu karibu na mlango wa sakristia wakiwa na swali lile lile. Wapo wanaoliuliza waziwazi, na wapo wanaolizungukazunguka: "Padre, katika hawa wagombea, si yule ndiye wa kwetu?" Wanaposema "wa kwetu" wana maana ya Mkatoliki mwenzetu. Nani apigiwe kura, hilo hatulijibu, maana si kazi ya padre kuwachagulia waamini. Lakini ndani ya swali hilo limo lingine kubwa zaidi: je, dini ya mgombea yatosha kuwa sababu ya kumchagua, au ya kumkataa? Wiki hii tumeona vema kulijibu kwa njia ya historia. Twendeni pamoja hadi Marekani, katika majira ya kuchipua ya mwaka 1960, wakati wanachama wa chama cha Democratic walipotakiwa kuchagua kati ya John F. Kennedy na Hubert Humphrey.

Kwanza tuelewe uchaguzi wenyewe. Kabla ya uchaguzi mkuu, vyama vya Marekani hufanya uchaguzi wa mchujo katika majimbo, jambo linalofanana na zile ambazo vyama vya kwetu Tanzania huziita kura za maoni. Tofauti ni kwamba huko wapiga kura wa kawaida hushiriki kwa wingi. Hata hivyo, mwaka 1960 majimbo yaliyofanya mchujo yalikuwa machache. Wajumbe wengi wa mkutano mkuu walikuwa mikononi mwa vigogo wa chama. Ndiyo maana wanasiasa wakubwa kama Lyndon Johnson na Stuart Symington hawakuingia katika mchujo, wakitegemea mazungumzo ya wakubwa. Kennedy hakuwa na nafasi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 42, na zaidi ya hayo alikuwa Mkatoliki. Vigogo, na baadhi yao walikuwa Wakatoliki wenyewe, waliogopa kumsimamisha mtu wa dini hiyo. Ilimpasa awaoneshe kwa kura halisi kwamba Waprotestanti wangeweza kumchagua.

Hofu ya vigogo ilikuwa na chanzo. Mwaka 1928 chama chao kilimsimamisha Al Smith, gavana wa New York, Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais. Alishindwa vibaya na Herbert Hoover. Hata majimbo kadhaa ya Kusini, yaliyokuwa yakikipigia chama hicho kura kizazi baada ya kizazi, yalimwacha. Dini haikuwa sababu pekee ya kushindwa huko, lakini ilikuwa sababu kubwa, na kwa miaka 32 iliyofuata hakuna chama kikubwa kilichothubutu tena.

Sasa tuwatazame wagombea wawili. Kennedy alikuwa seneta wa Massachusetts, mzaliwa wa ukoo tajiri wenye asili ya Ireland. Alipigana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia akiwa nahodha wa boti ya kivita katika bahari ya Pasifiki, na kaka yake Joseph alikufa vitani mwaka 1944. Humphrey alikuwa seneta wa Minnesota, mwana wa mfamasia wa mji mdogo wa South Dakota, naye mwenyewe aliwahi kufanya kazi katika duka la dawa la baba yake. Alilelewa katika Umethodisti. Akiwa meya wa Minneapolis alipambana na ubaguzi dhidi ya Weusi na Wayahudi. Mwezi Julai 1948, katika mkutano mkuu wa chama mjini Philadelphia, alisimama na kukitaka chama kitetee waziwazi haki za raia Weusi. Baadhi ya wajumbe wa Kusini walitoka ukumbini kwa hasira. Tulikumbuke jambo hili tunapoendelea: mpinzani wa Mkatoliki katika kisa chetu hakuwa mtu mbaguzi.

Mapambano makubwa ya kwanza yalikuwa Wisconsin, tarehe 5 Aprili 1960. Jimbo hilo linapakana na Minnesota, nyumbani kwa Humphrey, na lina Wakatoliki wengi. Kennedy alishinda kwa takriban asilimia 56. Lakini matokeo yalipochambuliwa wilaya kwa wilaya, furaha yake ilipungua. Katika wilaya 10 za uchaguzi alishinda 6, akifanya vizuri zaidi penye Wakatoliki wengi, na Humphrey alishinda 4, nyingi zikiwa na Waprotestanti wengi. Sheria ya Wisconsin ilimruhusu mpiga kura kushiriki mchujo wa chama chochote, na wachambuzi wengi waliona kwamba Wakatoliki wa chama cha Republican walivuka mpaka ili kumpigia kura mwenzao. Basi vigogo hawakushawishika. Walisema: Wakatoliki wamemchagua Mkatoliki, kuna ajabu gani?

Hapo tusimame kidogo, wapendwa. Tumezoea kukisimulia kisa cha Kennedy kama kisa cha wengine waliotubagua sisi. Wisconsin inatuonesha upande wa pili. Bila shaka wapo Wakatoliki waliompigia Kennedy kura baada ya kupima sera zake, na wapo waliomchagua Humphrey. Lakini dalili ni nyingi kwamba wengi walimchagua kwa sababu ya kanisa alilosali. Ikiwa ni kosa Mprotestanti kumkataa mtu kwa kuwa ni Mkatoliki, je, ni fadhila Mkatoliki kumchagua kwa sababu hiyo hiyo? Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ubaguzi huumiza unapotuelekea sisi, ila unapotupendelea huwa tunauita umoja.

Kutoka Wisconsin wagombea walielekea West Virginia, ambako kura ingepigwa tarehe 10 Mei. Matokeo ya huko hayakuwafunga wajumbe kisheria, lakini nchi nzima iliyatazama, kwa kuwa Wakatoliki katika jimbo hilo walikuwa takriban watu 5 katika kila 100. Ni nchi ya milima na makaa ya mawe. Mashine zilikuwa zimechukua nafasi ya wachimbaji, na familia nyingi zilikuwa zikiishi kwa chakula cha ziada kilichogawiwa na serikali. Vijana waliondoka kutafuta kazi kwingine, hata idadi ya wakazi ikashuka kutoka takriban milioni 2.0 mwaka 1950 hadi takriban milioni 1.86 mwaka 1960.

Mwezi Desemba 1959, utafiti wa maoni uliofanywa na Louis Harris kwa ajili ya Kennedy ulionesha kwamba katika jimbo hilo angepata kura 70 dhidi ya 30 za Humphrey. Baada ya Wisconsin, utafiti mpya ulionesha Humphrey akiongoza kwa 60 dhidi ya 40. Ni kitu gani kilichobadilika katika miezi hiyo michache? Kennedy alikuwa yule yule, na sera zake zilikuwa zile zile. Watu walikuwa wamefahamu kwamba ni Mkatoliki.

Tusiharakishe kuwaita watu wa West Virginia wajinga. Hofu yao ilikuwa na mizizi katika maandishi yetu wenyewe. Mwaka 1864 Papa Pius wa Tisa alitoa orodha ya mafundisho aliyoyahesabu kuwa ni makosa, na mojawapo lilikuwa lile la kutenganisha Kanisa na dola. Mwezi huo huo wa Mei 1960, mara tu baada ya kura ya West Virginia, gazeti la Vatikano lilichapa makala iliyosisitiza mamlaka ya Kanisa juu ya mwenendo wa Wakatoliki katika siasa. Makala hiyo ilielekezwa zaidi kwa mambo ya Italia, lakini ilisomwa Marekani pia na kuwapa nguvu wenye mashaka. Ni baadaye tu, tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipopitisha tamko Dignitatis Humanae, ambapo Kanisa lilifundisha rasmi kwamba kila mtu ana haki ya uhuru wa dini. Mtu mmoja aliyechangia sana katika tamko hilo ni padre Mjesuti wa Marekani, John Courtney Murray. Kwa hiyo Mprotestanti aliyeuliza mwaka 1960, "Je, rais Mkatoliki atapokea amri kutoka Roma?" aliuliza swali lenye haki ya kujibiwa. Kosa lilikuwa kukataa kulisikiliza jibu.

Kennedy aliamua kujibu. Tarehe 21 Aprili 1960 alizungumza na wahariri wa magazeti mjini Washington, akawaambia kwamba yeye si mgombea wa Wakatoliki, na kwamba wapiga kura wana mambo mazito zaidi ya kuuliza. Kisha akaenda milimani. Aliwakumbusha watu kwamba hakuna aliyemuuliza dini yake alipojiunga na jeshi la majini, wala aliyemuuliza kaka yake kabla ya kupanda ndege iliyomuua. Jumapili ya tarehe 8 Mei, siku mbili kabla ya kura, alieleza katika televisheni kwamba rais huapa akiwa ameweka mkono juu ya Biblia kuilinda katiba, na kwamba akivunja kiapo hicho hutenda kosa mbele ya sheria na dhambi mbele ya Mungu. Hakuikana imani yake ili apendwe. Aliitumia imani hiyo hiyo kueleza kwa nini kiapo chake kingeweza kuaminiwa.

Mambo mawili yanatuzuia tusikigeuze kisa hiki kuwa hadithi ya malaika na mashetani.

La kwanza ni lile lililompata Humphrey. Kadiri suala la dini lilivyokuzwa, kumpigia kura Humphrey kulianza kuonekana kama ushahidi wa ubaguzi. Mtu aliyetetea haki za wanyonge tangu ujana wake alijikuta katika hali ambayo kila kura yake ilitiliwa mashaka. Mchimbaji aliyempenda kwa dhati, kwa kuwa alijua maisha ya maskini kutokana na maisha yake mwenyewe, alifanywa ajihisi mkosefu. Wapendwa, hilo nalo ni shinikizo juu ya dhamiri. Kumchagua mtu ili tu kuthibitisha kwamba mimi si mbaguzi ni kuitazama dini yake kuliko kumtazama yeye, sawasawa na anayemkataa kwa ajili ya dini.

La pili ni fedha na ulimi. Kampeni ya Kennedy iliungwa mkono na utajiri wa baba yake, ilhali Humphrey alizunguka kwa basi la kukodi. Alijifananisha na mwenye duka dogo anayeshindana na kampuni yenye maduka kila mahali, na inasimuliwa kwamba ilifika siku aliandika cheki yake binafsi ya dola 750 kulipia muda wa televisheni. Katika wilaya nyingi za West Virginia ilikuwa desturi wagombea kuwalipa viongozi wa makundi ya chama ili majina yao yaingizwe katika orodha walizogawiwa wapiga kura. Pande zote mbili zililipa, lakini upande mmoja ulikuwa na mfuko mnene zaidi. Uchunguzi uliofuata haukupata ushahidi wa kubatilisha matokeo. Sisi tuliowahi kusikia neno "takrima" likipambwa hatuhitaji kufafanuliwa sana. Tena Franklin Roosevelt Mdogo, mwana wa rais aliyependwa mno na wachimbaji wale, alikuja kumfanyia Kennedy kampeni na kudokeza kwamba Humphrey alikwepa vita. Ukweli ni kwamba Humphrey alikataliwa jeshini kwa sababu za afya. Roosevelt alijutia maneno yake baadaye, lakini neno likishatoka halirudi.

Tarehe 10 Mei 1960 watu wa West Virginia walipiga kura. Kennedy alipata 236,510 na Humphrey 152,187, yaani takriban asilimia 61 kwa 39. Usiku huo huo Humphrey alitangaza kujiondoa katika kinyang'anyiro, na Robert Kennedy, mdogo wake mshindi, alitembea kwa miguu kwenda kumsalimu. Tarehe 13 Julai, mjini Los Angeles, Kennedy aliteuliwa katika duru ya kwanza ya kura. Tarehe 8 Novemba alichaguliwa kuwa rais kwa tofauti isiyofika kura 120,000 kati ya zaidi ya milioni 68 zilizopigwa.

Ni nini kiliwabadilisha watu wa milimani ndani ya majuma matano? Tumekwisha kuitaja fedha, na kumbukumbu ya Roosevelt ilikuwa na nguvu yake. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililo rahisi zaidi: walikutana naye. Alisimama kwenye milango ya migodi, akaketi na wachimbaji, akaona chakula walichokula watoto wao. Katika mdahalo wa televisheni mjini Charleston, tarehe 4 Mei, wagombea wote wawili walizungumza zaidi juu ya ajira na umaskini kuliko juu ya dini. Jina "Mkatoliki", ambalo kwa wengi lilikuwa neno la kutisha lililosikika kwa mbali, lilipata uso na sauti. Nao wachimbaji, ambao Kennedy hapo awali aliwajua kwa takwimu, walipata uso mbele yake yeye.

Inaelekea hakuwasahau. Amri yake ya kwanza ya kiutendaji, tarehe 21 Januari 1961, ilihusu kuongeza chakula kwa familia zenye uhitaji. Mwezi Mei mwaka huo, familia ya wilaya ya McDowell, West Virginia, ilikuwa ya kwanza nchini kupokea kuponi za chakula katika mpango mpya wa majaribio. Aliporudi Charleston tarehe 20 Juni 1963, jimbo lilipotimiza miaka 100, alikiri mbele ya watu kwamba bila wao asingekuwa rais. Miezi mitano baadaye aliuawa.

Na yule aliyeshindwa? Humphrey alirudi katika Seneti. Mwezi Juni 1960, hata kabla majeraha ya West Virginia hayajapona, aliwasilisha muswada wa kuwapeleka vijana wa Marekani kufanya kazi za kujitolea katika nchi maskini. Wazo hilo Kennedy alilichukua, na tarehe 1 Machi 1961 akaunda Peace Corps. Miongoni mwa makundi ya mwanzo kabisa lilikuwamo la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia waliokuja Tanganyika mwaka huo huo wa uhuru wetu, kusaidia kazi ya barabara. Hivyo wazo la mgombea aliyeshindwa, likitekelezwa na mgombea aliyeshinda, liliifikia ardhi yetu. Mwaka 1964 ni Humphrey huyo huyo aliyeuongoza mjadala mrefu katika Seneti hadi Sheria ya Haki za Raia ikapita. Alikuwa makamu wa rais kuanzia 1965 hadi 1969. Watu wa West Virginia, kumbe, hawakuwekewa mbele yao mwema mmoja na mwovu mmoja. Walichagua kati ya watu wawili waliofaa, na uchaguzi wa namna hiyo ndio mgumu kuliko yote.

Turudi sasa mlangoni mwa sakristia. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa anapewa shauri la namna ya kuwapata viongozi: wawe watu wenye uwezo, wenye kumcha Mungu, wakweli, wanaochukia rushwa. Aliyetoa shauri hilo alikuwa Yethro, mkwewe, kuhani wa Midiani, asiye Mwisraeli. Musa hakumuuliza kwanza kama ni "wa kwetu". Alilisikia neno la busara, akalifuata. Mizani ni hiyo, nayo humpima Mkatoliki na asiye Mkatoliki kwa uzito ule ule. Mwenzetu akiwa na uwezo, ukweli na mikono safi, tumchague bila kuona haya. Akikosa hayo, ubatizo wake hautamsaidia mama anayekosa dawa zahanati.

Wamarekani wenyewe wameendelea kujifunza. Ilichukua miaka 60 tangu Kennedy achaguliwe hadi apatikane rais wa pili Mkatoliki, Joseph Biden, aliyeapishwa tarehe 20 Januari 2021. Safari hii kura za Wakatoliki ziligawanyika karibu nusu kwa nusu. Wengine wanaona hilo ni udhaifu wa Kanisa. Sisi hatusemi kwamba kila aliyepiga kura alipima vizuri, lakini tunaona ishara moja njema: dini ya mgombea peke yake haikutosha tena kumfungia mtu dhamiri.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla ya uchaguzi ujao tufanye zoezi dogo la utafiti wa dhamiri. Tumchukue mgombea tunayempenda, tumwondolee dini yake, kabila lake na mkoa wake, kisha tujiulize: je, kimebaki kitu cha kumpigia kura? Halafu tumchukue yule tusiyempenda, tumwondolee hayo hayo, tujiulize: je, imebaki sababu ya kumkataa? Majibu yakitushtua, tushukuru, maana tumeyapata kabla ya kufika kwenye sanduku la kura.

Tumwombe Mungu atujalie viongozi wenye kuchukia rushwa, na wapiga kura wenye kuichukia zaidi. Tuwaombee pia wanaoshindwa katika chaguzi, wasikate tamaa ya kutumikia.

Tumsifu Yesu Kristo!